Msinirudishe

Jumatatu, 2 Aprili 1984

Damaris ana wiki mbili leo na sijui hata sauti ya nyumba yangu ikiwa kimya. Analia akiwa na njaa, akishiba analia. Nilitoka kuanika nepi, nikamsikia mpaka kule kwenye mabomba, na akina mama waliopanga foleni ya maji wakanikodolea macho utadhani nimemfinya. Waache wakodoe.

Kukhu, nyanya yangu, angejua la kufanya. Ndiyo maana nimechukua daftari moja kati ya yale ya watoto ninaowafundisha nasari, kwa sababu nikimtaja hapa nyumbani Dishon, mume wangu, anaona namlaumu. Na kweli namlaumu. Mtu aliyenilea tangu nikiwa naota meno, alizikwa kwetu Kimilili mapema mwezi uliopita, na mimi nilikuwa hapa Jericho, Nairobi, na mimba ya miezi minane na nusu. Wakwe zangu walikataa katakata: mwenye mimba hasimami kando ya kaburi. Dishon akasema tuheshimu wazee. Basi nikaliheshimu tangazo la vifo redioni, jina lake likasomwa haraka haraka katikati ya majina mengine, halafu wakapiga muziki.

Alhamisi, 5 Aprili

Mvua hakuna. Mabomba yamekauka tangu asubuhi.

Jumapili, 8 Aprili

Kanisani leo tulinyamaza kidogo kabla ya mahubiri, jinsi sisi wa Kanisa la Marafiki tunavyofanya, na Damaris akatutoboa masikio sote. Nikatoka naye nje. Nilisimama chini ya dirisha nikimrusharusha na kumkumbuka Kukhu.

Kukhu alikuwa wa Marafiki wa zamani, wale waliofundishwa na wamisheni kwamba Mungu hasemi mahali penye kelele. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, macho wazi, akanyamaza. Hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Mimi niliyachukia yale mambo. Nilikuwa nakaa karibu na mlango nikiwaza uji, na nikichezesha mguu alijua bila kugeuka. Akimaliza alisema tu, "Haya, kumekucha," kama vile kabla ya hapo kulikuwa hakujakucha.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Namalwa, la mtoto aliyezaliwa msimu wa pombe. Alipookoka akaitwa Perisi, akatangaza kwamba mtu akimwita kwa jina la pombe hataitika. Kaka yake mwenyewe alisimama barabarani akaita "Namalwa!" mpaka sauti ikakauka, na Kukhu akaendelea kupalilia maharagwe. Tulicheka sana. Alikuwa mgumu yule mama.

Jumanne, 17 Aprili

Mama mkwe amefika kutoka Bungoma na kuku wawili na mkungu wa ndizi. Hata hakunywa chai. Alimchukua mtoto, akamtazama, akasema, "Huyu hana jina."

Nikamwambia anaitwa Damaris.

"Hilo ni la kanisani," akasema. "Mwenyewe analia anatafuta lake."

Nabiswa ni mama mkwe mzuri, nisimkosee. Anapika, anafua, hanisimangi. Lakini ameshika yake. Kwao, na kwetu pia nisijifanye, mtoto akilia bila sababu ni kwamba kuna mtu wa ukoo aliyekufa anataka mtoto aitwe kwa jina lake. Wazee hukaa, wakataja majina ya waliotangulia, moja moja, na lile ambalo mtoto atalinyamazia ndilo lake. Mwenye jina amerudi. Dishon aliitikia kwa kichwa akisikiliza, na Dishon huyu ana cheti cha ufundi na anafanya kazi kiwandani Industrial Area.

Jumapili, 22 Aprili. Pasaka

Desemba iliyopita ndiyo mara ya mwisho kumwona Kukhu. Alikuwa amekonda, amekaa juani, amefunika miguu kwa lile blanketi nililompelekea. Aliona tumbo langu hata kabla sijamsalimu. Akanishika mkono kwa nguvu nisizojua bado anazo.

"Nikifa msinirudishe," akasema. "Msimwite mtoto yeyote kwa jina langu. Nimefanya kazi ya kutosha hapa. Nataka nikifika kwa Yesu, nikae."

Nikacheka, nikamwambia hafi leo. Yeye hakucheka. Alitaka niahidi, nikaahidi, nikiwa nawaza basi la kurudi Nairobi.

Sijamwambia mama mkwe.

Jumamosi, 28 Aprili

Analia. Mvua hakuna.

Jumanne, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, Dishon amekaa nyumbani, kwa hivyo leo tumemsikia wote. Warigia, jirani yetu wa ukuta mmoja anayeuza sukuma wiki hapo sokoni, alikuja kunisaidia kumbeba ili nilale. Binti yake Njoki ana mimba na hajaolewa, na Warigia hana aibu nayo tena, alishaimaliza. Akizaa msichana ataitwa Warigia kama nyanya yake, ameshasema. Kwao Wakikuyu jina humngoja mtoto hata kabla hajazaliwa, hakuna cha kumuuliza. Niliwaonea wivu.

Jumapili, 6 Mei

Leo nimesikia kitu ambacho sikutaka kukisikia.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharagwe. Alisema, bila ubaya, kwamba hashangai mtoto wangu anateseka, kwa sababu kwetu tumekuwa tukiwafungia mlango waliokufa. Nikamuuliza ana maana gani. Akaweka maharagwe kando, akaamua kusema. Kwao na kwetu si mbali, na habari zinatembea. Kabla ya kumzaa mama yangu, Kukhu alizaa watoto wawili. Wote walilia hivi hivi. Wazee walitaka kuwatafutia majina, Kukhu akakataa kwa sababu ya wamisheni wake. "Akakaa tu na kimya chake," mama mkwe akasema. "Watoto wakaisha."

Nilijua kuna watoto waliokufa. Sikujua ni wawili, wala jinsi walivyokufa. Kukhu hakuwataja hata siku moja. Nikaenda kusimama nje na ndoo hali nikijua maji hayako.

Jumatano, 9 Mei

Foleni ya unga tangu alfajiri. Nikarudi mikono mitupu.

Jumapili, 20 Mei

Sikwenda kanisani. Siwezi kuketi kwenye kimya chao.

Nimekuwa nikimwona Kukhu upya na simpendi ninayemwona. Yule mama kwenye kigoda, mikono mapajani, macho wazi, na mtoto wake analia kitandani mpaka anaisha. Mimi nilidhani ule ni utakatifu. Nilikuwa nawaambia hata watoto wa nasari juu ya nyanya yangu aliyekuwa anamsikiliza Mungu kila asubuhi. Alikuwa anasikiliza nini? Wawili, Kukhu! Ungepungukiwa na nini ukiwaacha wazee wataje majina yao na kwenda zao?

Dishon ameniuliza kwa nini nalia na mimi. Nikamwambia labda na mimi nataka jina.

Jumapili, 3 Juni

Damaris ameanza kuharisha. Juzi klinikini walinipa dawa, wakasema nimnyonyeshe sana na nichemshe maji. Nilimwambia nesi maji yanakuja siku wanayotaka wao, na yakija yana rangi ya chai. Alinionea huruma, lakini foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Maziwa yangu yenyewe yamepungua. Mama mkwe ananipikia uji wa wimbi asubuhi na jioni, na haunisaidii.

Jumapili, 10 Juni

Nimemkubalia mama mkwe. Nilimwambia tu, "Mama, wataje." Akanikumbatia. Jumamosi atakuja dada yake anayekaa Huruma, pamoja na mzee mmoja wa ukoo wao, wafanye inavyotakiwa.

Nilidhani nitajisikia msaliti. Nimejisikia mtu ambaye ametua debe lililokuwa kichwani.

Alhamisi, 14 Juni

Warigia amenigombeza. Aliingia, akamvua mtoto kofia, akapitisha kidole juu ya utosi, na uso wake ukabadilika.

"Mama Damaris, utosi umeingia ndani. Mtoto huyu hatafuti jina. Ana kiu. Twende hospitali kubwa sasa hivi."

Nilishachukua leso ya kumbebea. Mama mkwe akasema wageni wameshaambiwa Jumamosi, na mtoto akilazwa kabla ya kupewa jina, mwenye jina atakasirika aende naye. Nilimngojea Dishon arudi kutoka kazini nimsikie. Akasema ni siku mbili tu, tumalize la wazee, tukitoka hapo tumpeleke. Aliongea kwa upole sana. Afadhali angefoka, ningepata mahali pa kushika.

Warigia alisema Jumamosi jioni atakuja na kikapu chake tayari, twende naye, tukitaka tusitake.

Jumamosi, 16 Juni

Naandika jioni.

Walifika mchana. Mzee alikaa kwenye kiti cha Dishon, mama mkwe akampakata mtoto, dada yake akasimama mlangoni. Damaris alikuwa analia, lakini si kile kilio cha Aprili. Kilikuwa chembamba, cha kukatika, bila machozi. Mzee akaanza kutaja wa kwao. Alitaja babu, na ndugu za babu, na mashangazi, na mmoja aliyekufa vitani Burma. Kila jina analitaja kwa heshima, anangoja, mtoto analia. Akamaliza upande wa baba. Jasho lilikuwa linamtoka.

Mama mkwe akanitazama. "Upande wa mama," akasema. Yeye mwenyewe akaanza, "Perisi."

Damaris akaendelea kulia.

Nilijua jina walilokosa. Hapo ndani ni mimi peke yangu niliyelijua, kwa sababu hata kwao Kukhu wameacha kulitumia tangu zamani. Nikamkumbuka amenishika mkono juani. Nikawakumbuka na wale watoto wawili. Nikainama karibu na sikio la mwanangu nikasema, "Namalwa."

Akanyamaza.

Hapo hapo. Alifungua macho, akanitazama, na kilio hakikurudi. Tulingoja. Mzee alivua kofia. Mama mkwe akapiga vigelegele, dada yake akapokea, na majirani wakaja dirishani kuuliza kuna nini. Dishon alikuwa analia waziwazi. Kuku akachinjwa, na mimi nikapewa firigisi, kipande cha heshima nisichostahili.

Na furaha ninayo, siwezi kudanganya. Lakini ndani yake kuna kitu kingine, na nitakisema hapa kwa sababu hakuna pa kukisema. Kama ameitika, basi hakufika. Miaka yote ile ya kigoda, asubuhi zote zile, na Kukhu hakufika kwa Yesu. Alikuwa hapa Jericho anazunguka juu ya paa letu akingoja kuitwa kwa jina la pombe. Na mimi niliyemwahidi ndiye niliyemwita.

Warigia alikuja na kikapu chake kama alivyosema. Nikamwambia pale mlangoni kwamba asante, amenyamaza, mambo ni mazuri. Alitaka kuingia amwone. Dada wa mama mkwe akamwambia leo ni watu wa ukoo tu. Warigia alisimama akinitazama mimi, si yeye, akingoja niseme neno. Sikusema.

Bado amenyamaza. Hataki kunyonya. Mama mkwe anasema nimwache, ameshiba jina lake.

Jumapili, 17 Juni

Damaris amekufa.

Ijumaa, 29 Juni. Kimilili

Nimekuja kwetu. Tulimzika kwa kina Dishon, nyuma ya nyumba, upesi, jinsi mtoto mchanga anavyozikwa, hakuna hotuba wala wageni. Mama mkwe alijitupa chini. Aliniomba msamaha mpaka nikachoka kumwinua. Simchukii. Ningejaribu kumchukia ningeanza na mimi. Dishon amerudi kazini.

Leo mama yangu amenipeleka kwenye kaburi la Kukhu. Udongo bado haujashuka, na mahindi yaliyopandwa kando yamenyauka yakiwa yamefika magotini tu. Tulikaa pale chini na nikamweleza yote, na jina, na vigelegele. Nikamwambia nilifanya vile kwa sababu sikutaka kukaa na kimya changu kama Kukhu mpaka mtoto aishe.

Mama alinigeukia. "Nani alikuambia alikaa?"

Nikamwambia yale niliyoyasikia. Mama alishika kichwa. Halafu akanieleza polepole, mkono wake mgongoni mwangu, na sasa nayaandika ili nisije nikayapunguza.

Mtoto wa kwanza wa Kukhu alikuwa mvulana. Wakati huo Kukhu hakuwa amewahi kumwona mmisheni hata mmoja. Mtoto alilia, wazee wakaja, wakataja majina. Kwenye jina moja akanyamaza. Watu wakapiga vigelegele, wakachinja kuku. Asubuhi alikuwa amekufa.

Alipomzaa wa pili na kilio kikaanza, wazee wakaja tena. Kukhu akamfunga mgongoni, akatoka na mlango wa nyuma, akaenda kwa miguu kuwatafuta wazungu wa dawa, mahali alipopasikia tu. Mtoto alimfia mgongoni kabla hajafika. Alifika naye hivyo hivyo. Wakamsaidia kumzika. Hapo ndipo alipookoka, si kwa mahubiri, ni kwa sababu walikaa naye chini wakanyamaza na hawakumwambia kitu.

Wa tatu alikuwa mama yangu. Kilio kikaanza, na Kukhu hakungoja hata wazee watafutwe. Alikimbia naye, akafika.

"Kwa hivyo mimi nipo," mama akasema. "Na wewe upo."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kwa nini Kukhu hakuniambia, siku ile juani, badala ya kunipa habari za Yesu. Mama alisema Kukhu alimwambia yeye mara moja tu, usiku wa kuamkia harusi yake, na akamkataza kulirudia. Hakutaka kuwataja wale watoto. Mambo yale alikuwa anayapeleka asubuhi, kwenye kigoda, na hapo ndipo yalipobaki.

Nilipiga kelele pale kaburini. Sikumpigia Mungu, nilimpigia yeye. Kimya chake kile nilichokuwa nakisifu kwa watoto wa watu ndicho kilichoniponza. Neno moja tu lingetosha. Angesema, Lydiah, mtoto akinyamaza kwenye jina, mchukue ukimbie. Alijua. Katika dunia hii nzima yeye ndiye aliyejua, akaketi na mikono mapajani.

Mama aliniacha nipige kelele mpaka zikaisha. Halafu alianza kung'oa magugu juu ya kaburi, na mimi nikamsaidia, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya.

Jumapili, 8 Julai. Jericho

Nimerudi. Baridi, na manyunyu ya Julai ambayo hayamfai mkulima yeyote. Mabomba yanatoa maji mchana kutwa. Nimejaza kila chombo, hata beseni lake.

Warigia alikuja akaketi. Hakusema nilikuambia. Ananiita Mama Damaris bado, ni yeye tu, wengine wote wamerudi kuniita Lydiah.

Jumatano, 11 Julai

Leo asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, nimekaa. Mikono mapajani, macho wazi. Nilitaka kuona alikuwa anaona nini. Niliona ukuta, na msumari pale nilipokuwa natundika kofia yake.

Lakini jambo moja nimelifikiria mpaka mwisho na nitaliandika, kwa kuwa nilikusingizia hapa, Kukhu. Yule aliyeitika hakuwa wewe. Hukurudi. Mtoto hakunyamazia jina, alinyamaza kwa sababu maji yalimwishia. Ni kiu tu, kama Warigia alivyosema. Basi ulifika, na umekaa, na hakuna aliyekusumbua. Nimetafuta furaha katika hilo na sijaiona.

Jumamosi, 14 Julai

Njoki amejifungua msichana. Wamemleta nyumbani leo mchana. Jina lake ni Warigia, na hakuna mtu aliyemuuliza.

Analia. Ukuta wetu ni wa tofali moja, nasikia hata anavyovuta pumzi ili aanze tena. Kilio kizito, cha mtoto mwenye maji mwilini. Dishon ameinuka akaenda kukaa nje kwenye manyunyu.

Njoki amekuja mlangoni kuniomba radhi kwa kelele, macho chini, akasema watamhamishia kwa shangazi yake mpaka mimi nipate nafuu. Nikamwambia asimpeleke popote. Nikamwambia mtoto amwache alie, na siku atakayonyamaza ghafla, anigongee ukuta, saa yoyote, nitambeba mimi. Halafu nikamweleza kwa nini. Nilimweleza yote, kuanzia mvulana wa kwanza wa Kukhu, na nikayataja yale ambayo Kukhu hakuyataja.

Sasa nimesogeza kitanda karibu na ukuta, nasikiliza.